Sheria za Maumbile Hazitawali Chochote

Hoja mmeisikia, kuanzia Wusi hadi Voi: ulimwengu hauna Mungu, kwa kuwa kila kitu kinatawaliwa na sheria za maumbile. Wanaoitoa ni watu waliosoma, nami nimewasikiliza hadi mwisho. Ipimeni.

Wanaanzia kwenye mvua. Wazee wetu wa Taita, wanasema, walitasa kuomba mvua, wakipuliza maji au pombe kutoka kinywani, kwa kutojua kwamba upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima yetu, mita 2,208 pale Vuria, ukapoa na kuangusha maji. Habari ya upepo ni kweli. Lakini kutasa hakukuwa somo la hali ya hewa. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha 1978 kwamba kiini cha kutasa ni kuitoa hasira moyoni. Upepo wa bahari haupatanishi ndugu wawili waliogombania shamba. Anayesema mvua imeshaelezwa, basi Mlungu, yaani Mungu, ameondoka, amejibu nusu ya swali na kulifunga lote.

Dai la pili ni kwamba sheria hizo "zinatawala". Hapa neno limewaponza. Sheria ya barabarani humwamuru dereva wa matatu anayeteremka Mwatate; anaweza kuivunja, na askari akamkamata. Sheria ya Newton haiamuru chochote: inaeleza jiwe linavyoanguka. Maelezo hayasukumi jiwe, wala ramani haiendeshi gari. Waumini wenzangu wanaosema "penye sheria pana mtunga sheria" wanateleza papo hapo, maana wameliegemea neno lile lile.

Kisha wanaongeza "kabisa": kwamba hakuna tukio lisiloamuliwa na sheria hizo. Umri wa miamba kama hii yetu yenye vito hupimwa kwa atomu zinazomeguka. Nusu ya atomu za potasiamu-40 humeguka katika miaka bilioni 1.25. Ni atomu zipi hasa? Kwa fizikia ya kwanta kama inavyofundishwa kwa kawaida, hakuna sheria inayotaja atomu itakayomeguka leo. Simchomeki Mungu katika pengo hilo. Nasema dai limeupita ushahidi.

Nimeweka mwisho dai linalonikera zaidi: kwamba ni aibu kwa mtu mwenye akili kuamini kitu cha milele, kisichoonekana, kilichopo kila mahali, kisicho na chanzo. Waulizeni sasa sheria zao zikoje. Watawajibu: hazina mwanzo, hazishikiki, ni zile zile Wusi na kwenye nyota ya mbali, na hakuna aliyezileta. Wengine husema zilikuwapo hata kabla ya ulimwengu kuanza kutanuka, miaka bilioni 13.8 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na kitu cha kutawaliwa. Kama sifa hizo zinatosha kumwangusha Mungu wa mama anayepanda kwenda kanisani Jumapili, zinaziangusha sheria hizo pia. Kama hazitoshi, mama yule hana kosa la kujibu. Wachague mojawapo.