Aliyekosa kozi aliyoomba anastahili jibu lenye sababu

KILA matokeo ya uteuzi wa wanafunzi wa kujiunga na vyuo yanapotangazwa, shangwe huandamana na maswali. Mzazi wa Nyacheki, eneo bunge la Bobasi, Kisii, ambaye mwanawe alipata B katika KCSE na akakosa kozi ya uuguzi, huuliza: mbona jirani mwenye B- amechukuliwa?

Swali hilo lina jibu. KUCCPS, taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kurithi majukumu ya bodi ya JAB, haitazami gredi ya jumla pekee. Hupima pia masomo manne yanayohitajika katika kozi husika, na alama za juu kabisa ni 48. Nafasi hujazwa kuanzia juu kwenda chini. Hivyo, mwenye B- aliyeng'ara katika biolojia na kemia aweza kumpiku mwenye B. Ushindani nao ni mkali: katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, kiwango cha chini cha kusomea shahada.

Tatizo ni kwamba maelezo haya hayamfikii anayeyahitaji. Tovuti ya KUCCPS huonyesha alama za kozi za miaka iliyotangulia, lakini mzazi asiye na intaneti hutegemea uvumi wa sokoni. Tena milango ni mingi: uteuzi ni wa KUCCPS, barua ya kujiunga ni ya chuo, na mkopo ni wa HELB. Anayebisha mlango usiofaa hupoteza nauli na siku. Ofisi zikinyamaza, matapeli wanaodai kuwa na "mtu wao Nairobi" hupata wateja.

Kumjibu mzazi si fadhila. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi katika muda wa siku 21. Hata hivyo, muda wa kuomba uhamisho huwa mfupi. Jibu likichelewa, halimsaidii mwanafunzi.

Dawa ni kupeleka jibu karibu na mzazi. Walimu wakuu na maafisa wa vituo vya Huduma wapewe maelezo mapema, wayafafanue kwa Kiswahili au Ekegusii: mwanafunzi alipata alama ngapi, aliyeingia mwisho alipata ngapi, kozi zipi zimesalia na mwisho wa maombi ni lini. Mzazi aweza kukubali habari mbaya iliyoelezwa vyema. Asichoweza kukubali ni kimya.