Nyumba ya mwanasesere iwe ya mtoto, si ya pambo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wazazi wenzangu kuwa makini wanapowanunulia watoto wa chekechea nyumba za wanasesere.

Nyingi zinazovutia dukani zimejaa vikombe na taa ndogo kama punje za mahindi. Hizo zinafaa kabati la mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 bado hutia vitu mdomoni na puani. Wapimaji wa vichezeo hutumia kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7; kinachoingia chote humo hakimfai aliye chini ya miaka 3. Nyumbani, jaribu kwa kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni: kitu kikipita humo, usimpe mtoto.

Nyumba zenye taa zikague zaidi. Betri bapa ya taa hizo, ile ndogo kama kitufe, ikimezwa na kukwama, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kifuniko chake kifungwe kwa skrubu.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza nyumba nzuri kabisa: iwe wazi upande mmoja au miwili ili watoto wacheze pamoja, vyumba vipitishe mkono, kona zipigwe msasa, rangi isiwe na madini ya risasi. Kitanda, jiko na mkeka vinatosha. Mtoto huigiza anayoyaona: bibi akisonga ugali, mama akimbembeleza mtoto mchanga.

Wenye maduka nao waandike umri unaofaa kwa Kiswahili, mbele ya boksi, kwa herufi zinazosomeka.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam