Bosi azungumze mwisho

Matangazo mengi ya kazi za teknolojia hapa Dar es Salaam yana sharti moja linalojirudia: mwombaji awe na cheti cha kuongoza timu za ajaili (agile), yaani zinazofanya kazi kwa hatua fupi na kujirekebisha njiani. Kimojawapo kinachotajwa sana ni kile cha ngazi ya kwanza cha Scrum.org. Mtihani wake una maswali 80 ya kujibu kwa dakika 60, na anayetaka kufaulu lazima apate asilimia 85. Niliufanya nikiwa nyumbani Tabata, mbele ya kompyuta, nikafaulu. Sina ugomvi nao. Unapima kama umeusoma mwongozo wa Skramu, mojawapo ya njia za ajaili, ukauelewa, basi. Ugomvi wangu ni na waajiri wanaoamini kwamba aliyefaulu mtihani huo anaweza kuingia ukumbini kesho asubuhi akawafanya watu wanane wasioaminiana waambizane ukweli.

Kabla ya kazi hii ya kuwezesha vikao vya timu, nilikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari mkoani Morogoro. Waliosomea ualimu wanaijua BTP, mazoezi ya kufundisha. Unafundisha darasa la kweli, na mkufunzi wako ameketi nyuma kabisa, fomu mapajani, hasemi neno. Kipindi kikiisha anakuita nje na kukuambia kwamba umemwuliza mwanafunzi yule yule wa dawati la mbele kipindi kizima, na kwamba wasichana wa upande wa dirishani hukuwageukia hata mara moja. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Ni lazima mtu akuone ukifanya. Tangu nianze kuongoza timu za watengeneza programu, sijawahi kuona kampuni ikimtuma mtu aketi nyuma anitazame.

Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la ajaili ambalo ndilo msingi wa mambo haya yote. Cha kwanza walichokitanguliza ni watu na mawasiliano yao, halafu ndipo taratibu na zana. Sisi tumeanza na zana. Ubao upo ukutani, vikaratasi vya rangi vimebandikwa, kikao cha asubuhi cha dakika 15 kinafanyika. Ila katika ofisi nyingi nilizopita, kikao hicho kimegeuka kuitana majina: kila mmoja anamweleza bosi alichofanya jana, bosi anaitikia kwa kichwa, wenzake wanachezea simu. Mwongozo unasema kikao ni cha timu kupanga siku yake. Bosi hakutajwa.

Chukua zoezi la kukadiria ukubwa wa kazi kwa kadi, lililobuniwa na James Grenning mwaka 2002. Kila mtu anachagua kadi yenye namba, na wote wanazifunua kwa pamoja. Sababu yake ni kwamba namba ikitajwa kwanza kwa mdomo, hasa mdomo wa mkubwa, inazivuta nyingine zote. Nilikuwa na timu iliyokuwa ikiunganisha mfumo wa mikopo na benki. Tulipofunua, mkuu wa ufundi alikuwa na 3. Binti mdogo kuliko wote pale, mpimaji wa mfumo, alikuwa na 13. Kuna wanaochukua wastani hapo na kuendelea. Utaratibu unataka hao wawili waliopishana sana waeleze sababu zao. Nani aanze, hapo mwezeshaji aamue mwenyewe.

Nikamwomba binti. Akatazama meza, akasema, “Labda mimi ndiye nimekosea, mkuu.” Sikumjibu, wala sikumwacha mwingine amjibu. Baada ya muda akainua kichwa na kueleza kwamba mfumo wa majaribio wa benki hufungwa saa kumi jioni, kwa hiyo kosa likigundulika mchana, marekebisho yake yanajaribiwa kesho yake. Yeye ndiye aliyekuwa akipigiana simu na watu wa benki. Wengine wote hatukujua. Mkuu akaichukua kadi yake ya 3, akairudisha kwenye pakiti. “Dogo yuko sahihi. Tuanzie hapo.”

Mkuu hakunyamaza kwa bahati. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfuata ofisini kwake, nikamwamkia, nikamwambia, “Mkuu, leo naomba ufunge kikao, usikifungue.” Hiyo ndiyo sehemu ya uwezeshaji isiyoonekana: nusu ya kikao hufanyika kabla ya kikao.

Kila nikieleza hili, kuna atakayesema kwamba njia hizi ni za Wazungu, sisi tuna heshima zetu, mdogo hawezi kumpinga mkubwa hadharani. Sikubali. Angalia mahafali au uzinduzi wa kisima. Anaanza mwenyekiti wa mtaa, anafuata diwani, wanafuata wengine kwa vyeo vyao, na mgeni rasmi ndiye anayezungumza mwisho, akiwa ameshawasikia wote. Itifaki ya mkubwa kusema mwisho tunayo na tunailinda kwelikweli, hata risala inasomwa mbele yake akisikiliza. Ni ofisini tu ndiko tumeipindua.

Kuhusu kunyamaza, mwalimu yeyote mzoefu atanielewa. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali darasani. Wengi walisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kujibu bila kutajwa. Sekunde tatu ni ndefu sana kwa anayeongoza kikao huku mkurugenzi anamtazama. Mikono inawasha. Unatamani kujibu swali lako mwenyewe. Kuvumilia hapo kunahitaji mazoezi, na mazoezi yanahitaji mtu wa kukusahihisha.

Mabosi nao wapunguze kufurahia utulivu. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson wa Harvard alichunguza wodi za hospitali na makosa ya utoaji wa dawa. Ajabu ni kwamba wodi zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba huko watu walithubutu kuyasema. Timu yako ikimaliza kikao cha kujitathmini kwa dakika kumi na wote wakasema “kila kitu kiko sawa”, una sababu ya kukosa usingizi.

Na tusijifanye kwamba uwezeshaji umeingia nchini na kompyuta. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, kwa wiki 12, wakisikiliza redio, wakisomewa kijitabu, wakijadili malaria, maji na vyoo, kisha wakiamua watafanya nini wenyewe. Walioongoza vikundi hivyo, takriban 70,000, hawakuwa madaktari. Walifundishwa kuuliza, kusikiliza na kukifikisha kikundi kwenye uamuzi. Vyoo vilichimbwa kweli. Mama yangu mkubwa, aliyeongoza kikundi kimoja huko Iringa, akinisikia nikieleza ninachofanya ofisini hucheka: “Mwanangu, kumbe wanakulipa kwa kazi ile?”

Ukocha ni jambo jingine, na hapa nawalaumu wenzangu wa fani. Mwezeshaji anashughulika na kikao. Kocha anashughulika na mtu mmoja na lengo lake. Kitabu cha Lyssa Adkins cha mwaka 2010 kuhusu ukocha wa timu za ajaili kimewafundisha wengi kwamba kiongozi asikimbilie kutoa majibu. Ni kweli. Lakini siku hizi kijana wa mwezi wa kwanza kazini anauliza jinsi ya kuunganisha mfumo, na “kocha” anamrudishia, “Wewe unaonaje?” Hajui! Anayezama haulizwi anayaonaje maji. Mwonyeshe kwanza. Akishaweza mara mbili tatu, ndipo umwulize maswali yatakayomfikisha mbali kuliko wewe. Kujua nani yuko hatua gani ndiyo kazi yenyewe, na haijibiwi kwa kuchagua A, B au C.

Makocha wenyewe wanalijua hili. Shirikisho lao la kimataifa, ICF, halimpi mtu hata hadhi yake ya kwanza mpaka awe na saa 100 za kuwaongoza watu halisi, na hadhi ya pili inataka saa 500. Linganisha na dakika zangu 60 za Tabata.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi na maofisa utumishi mambo mawili. Kwenye usaili unaofuata, mwacheni mwombaji aongoze kikao halisi cha timu yenu kwa nusu saa, juu ya suala mnalobishania kweli, na mumwangalie. Mkishamwajiri, zile pesa mlizotenga kwa cheti cha pili na cha tatu mlipeni mwezeshaji mzoefu aje kila wiki kwa miezi mitatu, aketi nyuma, aandike, kisha amweleze alichokiona. Wapo hapa nchini, na wengine wamestaafu ualimu.