Muuguzi aulize kuhusu figo

Mfanyabiashara anayevuka Rusumo au Kobero kila wiki akivimba miguu husema ni safari. Mkimbizi aliyerejea nyumbani naye husema ni uchovu. Wengi huishia dukani kununua diklofenaki, dawa ambayo ikimezwa mfululizo huweza kuziumiza figo zaidi.

Sisi tunasema kazi inaanza kwa muuguzi. Ambonyeze mgonjwa kwa kidole gumba juu ya ugoko. Shimo likibaki, mwili umejaa maji. Ampime uzito, kwani kilo 1 iliyoongezeka kwa siku moja ni takriban lita 1 ya maji, wala si unene. Apime presha. Achovye kijiti katika mkojo aone kama una protini, maana figo huharibika muda mrefu bila maumivu yoyote. Kisha aulize: mkojo umepungua? Una kisukari? Unatumia dawa gani, za dukani na za mitishamba? Swali hili la mwisho hurukwa mno foleni ikiwa ndefu.

Majibu yaandikwe kwenye daftari ambalo mgonjwa ataondoka nalo. Aliyepimwa leo upande huu wa mpaka, wiki ijayo yuko upande wa pili, na muuguzi wa huko huanza upya.

Figo zikishindwa kabisa, kwa kawaida damu husafishwa kwa mashine mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara, na mashine hizo ziko mijini. Wizara za afya zipeleke vijiti na mizani kwenye zahanati za mipakani.