Ushauri wa Lishe Uanze na Kapu la Sokoni

Katika kliniki nyingi za kisukari na shinikizo la damu nchini Tanzania, ushauri wa kupunguza uzito hutolewa kwa maneno yaliyozoeleka: punguza wanga, acha mafuta, kula matunda na mboga kwa wingi, fanya mazoezi. Mara nyingine huongezwa karatasi yenye orodha ya vyakula: oti, mafuta ya zeituni, matufaha, minofu ya kuku isiyo na ngozi, mtindi usio na mafuta. Mgonjwa huipokea karatasi hiyo kwa heshima, huikunja na kuitia mkobani, kisha hupita gengeni akielekea nyumbani na kununua vilevile alivyonunua jana. Baada ya miezi mitatu mizani husoma uzito uleule, na katika faili huandikwa kwamba mgonjwa hafuati ushauri.

Hukumu hiyo si ya haki. Aghalabu mgonjwa hakuukataa ushauri, bali bei ilimshinda. Mhudumu wa afya anayemshauri mtu wa kipato kidogo kupunguza uzito anapaswa kuanza na vitu ambavyo kaya tayari inavinunua, apunguze kabla ya kuongeza, na atumie vipimo vinavyofahamika jikoni. Ushauri usioujua mfuko wa mgonjwa ni nusu ya ushauri.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Katika utafiti uliofuata, wa mwaka 2015–16, kiwango hicho kilifika asilimia 28. Ongezeko kama hilo haliwezi kuelezwa kwa anasa za wenye uwezo peke yao. Unene umeingia katika nyumba za kupanga, kwa wauza samaki, kwa walinzi na kwa madereva wa bodaboda, na pamoja nao umeingia ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na kiharusi.

Kwa nini shida na unene hukaa nyumba moja

Wapo wanaostaajabu kusikia kwamba mtu anayehesabu shilingi anaweza kunenepa. Sababu yake iko sokoni. Vyakula vinavyotoa nguvu nyingi kwa fedha kidogo ni unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya kupikia. Andazi na kikombe cha chai yenye sukari nyingi humwondolea mtu njaa ya asubuhi kwa gharama ndogo kuliko yai na papai. Maharage ni chakula bora, lakini huhitaji saa nyingi za moto, na mkaa nao hununuliwa. Mafuta hupatikana kwa kupimiwa kidogo kidogo dukani, kwa hiyo mwenye fedha ya siku moja huyapata kila siku, na huyatumia kuufanya mchicha wa fungu moja uwe mboga ya kushibisha watu watano.

Kwa maneno mengine, mama anayemimina mafuta mengi katika mboga si mjinga wala mlafi, kwani anatafuta ladha na shibe kwa njia iliyo karibu naye. Mhudumu asiyelielewa hilo atazungumza na mgonjwa kana kwamba anazungumza na mkosaji.

Hesabu ya dumu la mafuta na kilo ya sukari

Hata hivyo, katika kaya nyingi za mjini mafuta na sukari ndiyo mahali penye nafasi ya kupunguza, na ndipo panapoweza kupatikana akiba. Chukua mfano wa kaya ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa siku nne. Hiyo ni mililita 50 kwa kila mtu kwa siku, yaani vijiko vikubwa zaidi ya vitatu, vyenye takriban kilokalori 410. Kaya hiyo ikiifanya lita moja idumu siku saba, kila mtu atapungukiwa na takriban kilokalori 175 kwa siku, wala hakuna mlo uliofutwa. Na katika majuma manne kaya itakuwa imenunua lita nne badala ya saba.

Sukari nayo ina hesabu yake. Kaya hiyohiyo ikimaliza kilo moja kwa siku nne, kila mtu anakula gramu 50 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilielekeza kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, na likapendekeza ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50. Maana yake, chai ya nyumbani pekee imekwisha kumfikisha mwisho wa kiwango, kabla hajanywa soda moja ya mililita 350, ambayo kwa kawaida ina sukari ya gramu 35 hadi 40. Kilo ikidumu siku nane, ulaji wa sukari hupungua kwa nusu, na kaya huokoa kilo tatu na nusu katika majuma manne.

Hesabu hizi zinagawa sawasawa, ilhali katika nyumba watu hawali sawasawa. Lakini zina faida moja kubwa: mgonjwa anaweza kuzifuata bila mizani wala kitabu. Anachohitaji ni kuandika tarehe kwenye dumu la mafuta siku analolifungua. Ulimi nao hujifunza. Anayepunguza kijiko kimoja cha sukari kila baada ya majuma mawili huona tabu kidogo kuliko anayeacha yote kwa siku moja na kuirudia yote siku ya tatu.

Kilichookolewa hapo ndicho kinunue kile ambacho karatasi ya kliniki ilikitaja kwa majina ya mbali. Mapera, mapapai, machungwa na maembe ya msimu hayapungukiwi na chochote mbele ya tufaha. Pera lina vitamini C nyingi kulizidi mara nyingi. Dagaa huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo hutoa protini na madini ya chokaa pamoja, mradi wasizamishwe katika mafuta. Choroko, kunde na maharage vikilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, huiva upesi zaidi na kupunguza mkaa. Matembele, mchicha, kisamvu na majani ya maboga ni mboga kamili, na aliye na uani mdogo anaweza kuotesha matembele hata katika kiroba kilichojazwa udongo.

Dona si dawa, na sinia si sahani

Yapo mafundisho mawili yanayohitaji kurekebishwa. La kwanza ni la dona. Wagonjwa wengi huambiwa waache sembe na kula ugali wa dona au wa ulezi, nao huondoka wakiamini kwamba unga huo hauna kikomo. Ni kweli kwamba dona hubakiza pumba na kiini cha mahindi, na hivyo huwa na makapimlo, yaani nyuzinyuzi, pamoja na madini zaidi. Lakini gramu kwa gramu, nguvu yake haiachani sana na ile ya sembe. Mlima wa ugali wa dona ni mlima vilevile. Kinachopunguza uzito ni kiasi: robo ya sahani iwe ugali, wali au ndizi, robo iwe maharage, dagaa, samaki au yai, na nusu iwe mboga na matunda.

La pili ni hiyo sahani yenyewe. Katika nyumba nyingi, hasa za Pwani, watu hula pamoja katika sinia moja. Anayeambiwa ajaze nusu ya sahani mboga hana sahani ya kujaza, naye hawezi kujua amekula kiasi gani. Kumwambia ajitenge na wenzake ni kumtia aibu isiyo ya lazima. Zipo njia nyepesi: aanze na bakuli la mboga kabla ya sinia kuwekwa, au apakuliwe sehemu yake ya ugali pembeni mwa sinia akiwa ameketi na wenzake, naye asiongeze. Mhudumu asipouliza nyumbani huliwa vipi, hataweza kulifikia jambo dogo kama hili, nalo ndilo linaloamua.

Chungu kimoja, mahitaji mbalimbali

Katika kaya hiyohiyo huenda mama ana uzito uliozidi na mtoto wa miaka miwili ana utapiamlo. Hali hii si ngeni kwa watumishi wa kliniki za mama na mtoto, na hudai uangalifu. Mtoto mdogo huhitaji mafuta na nguvu nyingi kwa kila kijiko cha chakula, mama hazihitaji. Chakula kipikwe kwa mafuta machache, kisha uji au mboga ya mtoto iongezewe kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa wakati wa kupakua. Tofauti iwekwe katika kupakua, wala isiwe sababu ya kupika vyungu viwili. Watoto wadogo na wajawazito wasiingizwe katika mpango wa kupunguza uzito kwa kuwa tu jiko ni moja.

Wapo pia ambao jiko hawana. Dereva wa bodaboda anayekula kwa mama lishe mchana na kwenye banda la chipsi usiku hawezi kusaidiwa na maelezo ya upishi. Huyo aelekezwe namna ya kuagiza: wali nusu, maharage na mboga ziongezwe, maji badala ya soda, na chipsi mayai ziwe chakula cha siku moja moja.

Uzito kidogo, faida kubwa

Kinachowakatisha watu tamaa ni lengo kubwa kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, uliohusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma. Katika muda wa miaka takriban mitatu, waliofuata njia hiyo walipungukiwa na uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei. Lengo la namna hiyo halihitaji chai za kupunguza tumbo wala unga wa makopo unaouzwa kwa ahadi za siku kumi. Chai nyingi za aina hiyo huharisha au kukojoza, na kilo zinazoondoka ni za maji, nazo hurudi. Fedha inayokwenda huko ingetosha matunda ya siku nyingi.

Mhudumu naye ana tahadhari zake. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila dozi kuangaliwa upya, sukari yake yaweza kushuka kwa hatari. Mtu anayekonda bila kukusudia achunguzwe kifua kikuu, kisukari, maambukizi ya VVU na saratani kabla ya kupongezwa. Na isisahauliwe kwamba katika mitaa mingi kukonda bado huzua minong'ono ya ugonjwa, au ya mume asiyemtunza mkewe. Mgonjwa huhitaji maneno ya kuwajibu majirani kama anavyohitaji orodha ya vyakula.

Zipo kaya ambazo hesabu hizi hazizihusu. Nyumba inayokula ugali na mboga iliyotiwa kijiko kimoja cha mafuta haina dumu la kurefushia siku. Huko mhudumu asihubiri kubana matumizi. Bei ya vyakula bora na kipato cha watu ni mambo ya sera, nayo yasitwikwe mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya meza.

Itasemwa kwamba kliniki ina foleni na daktari ana dakika chache. Ni kweli. Lakini maswali matatu hayazidi dakika mbili: Lita ya mafuta hudumu siku ngapi nyumbani kwenu, na kilo ya sukari je? Nani hununua chakula, na nani hupika? Mnakula katika sahani au katika sinia? Majibu yake yaandikwe katika faili pamoja na uzito na shinikizo la damu, ili anayempokea mgonjwa miezi mitatu baadaye aanzie hapo. Naye mgonjwa asisubiri kuulizwa. Akija kliniki na majibu hayo, pamoja na bei za gengeni kwao, amemletea mhudumu kipimo ambacho maabara haiwezi kukitoa.