Makaratasi ya Wazee wa Ufipa Yasiachiwe Mchwa

Ndugu zangu wa Ufipa, mlioko Sumbawanga mjini, na Chala, na Kate, na Matai, na kule chini bondeni Rukwa, nanyi mlio ugenini pia, jambo ninalotaka kuwausia leo ni dogo kulitazama, walakini lina uzito mkubwa kwa watakaozaliwa baada yetu, nalo ni habari ya makaratasi ya kale yaliyomo majumbani mwetu, ndani ya masanduku ya bati na chini ya vitanda, ambayo kila masika mchwa na unyevu huyapunguza, na kila msiba unapokwisha hutolewa nje pamoja na matambara ya marehemu yakatiwa moto.

Mtu atakaye kusoma tarihi ya nchi yetu hana budi kuisoma, kwa sehemu kubwa, katika maandiko ya wageni. Sisemi hivi kwa kuwalaumu, maana aliyeandika amefanya kazi yake. Nataka tuzingatie tu kwa nini habari zao zimebaki. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walipokabidhiwa Karema mwaka 1885, boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, walikuwa tayari na amri ya mkuu wao, Kadinali Lavigerie, ya kwamba kila misioni iandike shajara yake: nani kafika, nani kafariki, mvua imenyesha au imekawia, nzige wametua wapi. Shajara hizo zilinakiliwa na kupelekwa Algeria, na leo nyaraka za shirika hilo zimehifadhiwa Roma, ambako msomi Mmarekani, Kathleen Smythe, alizisoma, akaja na kuwasikiliza wazee wa Nkansi, akatunga kitabu juu ya jamaa za Kifipa kilichotoka mwaka 2006. Basi mjukuu wa mtu wa Chala atakaye kujua babu zake waliishije zama zile, sehemu ya jawabu lake iko Ulaya.

Na Wajerumani, waliotawala Ufipa kutoka boma lao la Bismarckburg, ndiyo Kasanga yetu ya leo, walipoona Vita Kuu ya Kwanza vimewaelemea mwaka 1916 walizifukia hati za serikali yao ardhini mjini Tabora zisianguke mikononi mwa adui, nazo zikafukuliwa baadaye, na zilizosalia zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tafakarini jambo hili: watu waliokuwa wakikimbia risasi walipata wasaa wa kuficha makaratasi, ilhali sisi, tulio katika amani, tunafungia maandazi kwa barua za baba zetu.

Nitatoa mfano wa mtu mmoja, maana habari yake inanigusa kila niikumbukapo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe katika jangwa la Sahara, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, akawatibu watu wa mwambao ule wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu wa Sumbawanga wanalijua jina lake kwa sababu ya hospitali iliyopewa jina hilo. Lakini habari za utoto wake, za kutekwa kwake na safari yake, tunazijua kwa kuwa alizisimulia mwenyewe, zikapigwa chapa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hakuwa mtumwa wa pekee aliyekombolewa akaishi Karema. Walikuwapo wengi, watoto kwa watu wazima, waliotoka Marungu, na Manyema, na Ufipa kwenyewe, na kila mmoja alikuwa na mama aliyemlilia. Wa wangapi kati yao tunao hata ukurasa mmoja?

Wapo watakaonijibu ya kuwa Wafipa hatukuwa watu wa kalamu, na kwamba tarihi yetu imo vichwani mwa wazee. Neno hilo lina haki yake. Roy Willis, Mwingereza aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikusanya sehemu kubwa ya habari zake kwa masikio: jinsi mwene, yaani mtawala, Ntatakwa alivyotawala Milansi, na jinsi wanawake wageni wa ukoo wa Twa walivyofika mwene akiwa mawindoni, wakakikalia kigoda chake, na enzi ikawa yao. Walakini wazee waliomsimulia wamekwisha kufa, na maneno yao tunayapata leo katika kitabu chake cha mwaka 1981. Fauka ya hayo, masimulizi ya watu wa Milansi na ya watu wa Twa hayalingani katika kila neno, wala si kazi ya karatasi kuamua nani mkweli. Kazi yake ni kuyahifadhi yote mawili, ili aliye dhaifu asinyamazishwe na aliye hodari wa kusema.

Kisha si kweli kwamba majumbani hamna kitu. Babu zetu walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na dhahabu ya Lupa, wakarudi na kipande cha kazi, kile kikaratasi chenye nafasi thelathini, ambamo kila siku iliyofanywa kazi ilitiwa alama, na siku ya homa haikutiwa alama wala kulipwa. Kukiona kimoja, pembe zimelika, nafasi nyingine zimejazwa na nyingine nyeupe, ni kuona jasho la mtu. Zipo stakabadhi za kodi ya kichwa, vyeti vya ubatizo, daftari za mabaraza ya wamwene yaliyokwisha mwaka 1963, hesabu za vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976. Na kama kuna jamaa wa Kirando au Kasanga mwenye waraka wa kale wa herufi za Kiarabu, asiudhanie kuwa hirizi akaufukia, autafutie msomaji.

Hofu nisiyoipuuza ni ya siri na ya dhuluma. Ndani ya sanduku mna madeni, mna talaka, mna kesi za uchawi, mna mipaka ya mashamba, na mwenye nyumba huogopa karatasi isije ikaamsha ugomvi uliolala. Tena wamepita watu wakaazima picha na daftari kwa maneno matamu, wasizirudishe. Kwa hiyo masharti yawe wazi tangu mwanzo: asili ibaki kwa wenyewe wakitaka, ichukuliwe nakala tu, yenye aibu yafungwe kwa muda watakaoutaja wao, wala isitoke karatasi nyumbani bila hati ya mapokezi yenye sahihi mbili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 husimamia hasa nyaraka za ofisi za umma, nayo ni njema, lakini sanduku la bibi yako halimo ofisini.

Nawaomba basi wakuu wa halmashauri, na wa Jimbo la Sumbawanga, na wa makanisa mengine na misikiti, na walimu wa sekondari, watenge chumba kimoja kikavu mjini Sumbawanga, chenye rafu za chuma zilizoinuliwa kutoka sakafuni na daftari la kuandikia kila kinachoingia. Tusingoje jumba kubwa wala mfadhili. Na wewe msomaji, wakati chumba hicho hakijapatikana, anza na picha: keti na mama au shangazi anayezijua nyuso, uandike nyuma ya kila picha majina, kijiji na mwaka, kwa penseli laini wala si kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya ukazichafua sura za upande wa pili.