Kuimba Herufi Si Kusoma

Mtu apitaye karibu na darasa la kwanza akasikia watoto wakiimba ba, be, bi, bo, bu hufurahi, akasema moyoni: hao wanasoma. Sisi tunasema asiharakishe kusifu. Mtoto mmoja asimamishwe peke yake, aandikiwe ubaoni neno ambalo halimo kitabuni mwake. Hapo ndipo itakapojulikana kama amepewa elimu au amepewa wimbo.

Lugha yetu ya Kiswahili imetupa bahati ambayo mataifa mengi hayana. Vokali zake ni tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote iandikwapo. Mtoto wa Kiingereza hutaabika miaka, kwa kuwa herufi zile zile hubadili sauti toka neno hili hadi lile. Mtoto wetu akiijua sauti ya m na ya a, anasoma ma. Akiongeza ya j na ya i, amekwisha kusoma maji. Lakini akifundishwa jina la herufi mahali pa sauti yake, kwamba b ni "be", ataunganisha na a apate "bea", na kosa hilo si lake. Ndiyo maana mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza mwaka 2015, ulitilia mkazo sauti.

Mkoani Shinyanga jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto wengi huanza shule wakiwa na Kisukuma, na wapo wadhanio kwamba lugha hiyo ni mzigo. Wamekosea. Kisukuma kina vokali saba. Sikio lipambanualo saba halitashindwa na tano. Penye ugumu ni r na l. Mtoto aandikaye "kalatasi" ameandika kama asikiavyo. Asichekwe, asikilizishwe tofauti ya kula na kura mpaka sikio lizoee, na mkono utafuata.

Kazi haikuanza leo. Mpango wa EQUIP-T, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza, uliifikia Shinyanga na kuwafunza walimu namna ya kufundisha wadogo kusoma. Kisha mwaka 2016 michango ya lazima ikaondolewa shuleni, na watoto wakafurika madarasani. Hilo lilikuwa jema. Lakini mwalimu mwenye watoto mia mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja, naye hurudia wimbo kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuwashika wote. Kwa hiyo tunadai mwalimu hodari apewe darasa la kwanza, si la mwisho, na darasa hilo ligawanywe kwanza kabla ya mengine.

Sehemu iliyobaki ni ya nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma asiseme kwamba hana la kufanya. Njiani kwenda shambani amwulize mtoto: neno pamba linaanza kwa sauti gani? Taja jingine lianzalo hivyo. Kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, sikio linafunzwa, wala hapahitajiwi kitabu. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, ilikuwa uwanja wa mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima, uliofundisha kusoma pamoja na kazi za kila siku za mkulima. Watu wazima waliweza, watoto watashindwaje?

Ndugu wafanyakazi, kuanzia darasa la tatu mtoto hatakiwi tena kujifunza kusoma. Hutakiwa kusoma ili ajifunze. Asiyeweza hukaa kimya nyuma ya darasa, kisha siku moja haonekani. Machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita hayako mbali, nayo hayamwulizi mtu kama anajua kusoma. Basi kila mzazi amsikilize mtoto wake jioni ya leo, neno moja tu, lakini alisome mwenyewe.